Miiko ya Uongozi na Nguvu ya Neno Moja

Mbali na kuwa jina la kijiko kikubwa cha mti cha kusongea ugali, neno mwiko lina maana ya katazo ambalo mtu halivunji hata akiwa peke yake, kwa kuwa anaamini kwamba madhara yake yatamfuata mwenyewe au watoto wake bila kusubiri askari wala hakimu. Ndiyo maana mganga akitoa dawa hutoa na mwiko wake, na koo nyingi zina mnyama ambaye wanaukoo hawamli. Kutokana na hayo, masharti yaliyowabana viongozi katika Azimio la Arusha, lililotangazwa na TANU, chama tawala nchini Tanzania, tarehe 5 Februari 1967, yalipojulikana kwa jina la miiko, siasa ilikuwa imeazima neno la imani na la chakula na kulipeleka ofisini. Uteuzi huo ulikuwa na hekima kubwa, kwani katika chama kilichounganisha Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi, haramu na dhambi ni maneno yenye wenyewe, ilhali mwiko ulieleweka na wote.

Miiko hiyo ilimtaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, na asiwe na nyumba ya kupangisha. Katazo la nyumba huenda likamshangaza msomaji wa leo, lakini mantiki yake ilitoka katika maana ya unyonyaji, yaani kuishi kwa jasho la mwingine: mwenye cheo aliyepata mkopo kwa sababu ya mshahara wake aliweza kujenga, kupangisha, na kumwachia mpangaji kazi ya kulipa deni. Jambo zito zaidi ni kwamba kiongozi alitafsiriwa kuwa ni mtu pamoja na mume au mke wake, hivyo katazo likavuka kizingiti cha nyumba na kuingia katika mazungumzo ya chumbani kuhusu ada, shamba na uzee.

Wazo la kiongozi kujibana lilionekana hata kabla ya miiko kuandikwa. Miezi michache kabla ya Azimio, mnamo Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, nao karibu 400 wakarudishwa makwao. Katika tukio hilo hilo Rais Julius Nyerere alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Adhabu kwa vijana ilikuwa kali, na bado inastahili kujadiliwa, ila kilichoipa uzito wa kimaadili ni kwamba aliyeitoa alianza kwa kujikata mshahara yeye mwenyewe.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulisogeza suala la mwenendo wa viongozi hadi sakafu ya kiwanda, kwa kuwa kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwanda kadhaa walikishika kifungu hicho kwa namna ambayo chama chenyewe hakikuitarajia, wakagoma si kwa ajili ya mshahara tu bali pia kwa sababu meneja aliwatukana, maana kwao heshima kazini ilikuwa sehemu ya haki.

Mwaka 1991 CCM, chama kilichochukua nafasi ya TANU, ikikutana Zanzibar, ililegeza miiko hiyo ya uongozi, na mwaka 1995 ikapitishwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo inamtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake kwa maandishi. Mume au mke angali anahesabiwa, lakini swali limebadilika: zamani kiongozi aliulizwa kama ana nyumba ya kupangisha, na sasa anaulizwa anazo ngapi.