Usipige rangi ukuta unaolia

Nilipoacha chuo, mjomba aliniambia nihamie kwake Lukenya. Nyumba yake iko kwenye mteremko, na chini kuna chumba ambacho nusu kimezikwa ardhini. Yeye alikuwa ameweka humo magunia na baiskeli mbovu. Mimi nikaona studio ya podikasti.

Nilikuwa nimeweka Sh38,000 za vibarua vya mtandaoni. Fundi akanihakikishia: "Bosi, tunapiga rangi ya kuzuia maji, tunaweka jipsamu, kwisha." Chumba kikawa kikali, wasee wakaja kupiga picha. Mvua ya Novemba ilipoanza, jipsamu ikavimba kama andazi na zulia likanuka kama soksi. Pesa zangu zote zikaenda hivyo.

Mjomba hakunicheka. Alichukua koleo, tukazunguka nyuma ya nyumba.

"Mjomba, angalia mwenyewe maji yanatoka wapi."

Gata la paa lilikuwa linamwaga kila kitu kando ya ukuta. Yaani hapa kwetu, ambapo maji tunanunua kwa lori, ya bure tulikuwa tunayapeleka chumbani! Halafu kuna ule udongo mweusi wa nyanda za Athi. Kiangazi unapasuka, ukilowa unavimba na kusukuma ukuta. Rangi ya ndani haiwezi kushindana na maji yanayoisukuma kutoka nyuma. Lazima ibanduke.

Kwa hivyo, kabla hujatoa hata shilingi, bandika nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa selotepu, ngoja siku mbili. Matone yakiwa upande wako, shida ni hewa nzito, ongeza madirisha. Yakiwa nyuma ya nailoni, ukuta unapitisha maji. Na ule unga mweupe si vumbi. Ni chumvi ambayo maji yameitoa ukutani na kuiacha yalipokauka.

Sisi tulianzia nje. Gata likaelekezwa kwenye tangi. Tukachimba mtaro hadi usawa wa sakafu ya chumba, kipande kwa kipande, kwa sababu ukifukua ukuta wote mara moja unaweza kukuangukia. Tukausugua, tukapiga plasta yenye dawa ya kuzuia maji, kisha lami. Chini tukalaza paipu yenye matundu inayotoa maji upande wa bondeni, tukaifunika kwa kokoto. Juu kabisa tukahakikisha ardhi inateremka kutoka kwa nyumba, si kuelekea kwake.

Kisha tukafanya kitu kigumu kuliko vyote: tukangoja. Hatukugusa ndani hadi mvua ya Aprili ipite. Kila ikinyesha usiku nilikuwa nashuka na tochi, napapasa ukuta kama daktari. Mkavu.

Sasa kuna vigae badala ya zulia, na plasta ya kawaida badala ya jipsamu. Si ya kupigia picha sana, lakini nalala usingizi mvua ikinyesha.

Mjomba naye amerudisha baiskeli yake mbovu kwenye kona. Anasema hiyo ndiyo kodi yangu.