Watumishi na Wahisani wa Vyuo vya Elimu ya Uungwana Nchini Marekani

Utangulizi

Nchini Marekani kuna aina ya vyuo isiyo na mfano wake kamili katika Afrika ya Mashariki. Navyo ni vile vyuo vidogo vya shahada ya kwanza, ambavyo aghalabu wanafunzi wake hawazidi elfu tatu. Vyuo hivi havimwandai kijana kwa kazi moja maalumu, bali humpitisha katika fasihi, historia, falsafa, lugha, hisabati na sayansi, ndipo akaachiwa achague njia yake. Mara nyingi vyuo hivi huelezwa kwa mitaala yake au kwa sifa za wahitimu wake. Makala haya yanakusudia kuvieleza kwa upande wa watu: wanaofanya kazi humo na wanaovigharimia. Ni dhahiri kwamba chuo cha namna hii hakisimami kwa karo peke yake, na historia yake haieleweki bila ya kujua ni nani aliyebeba mzigo wake.

Jina na maana yake

Hapana budi kuanza na tatizo la istilahi. Anayesema "elimu huria" humfanya msikilizaji afikirie Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho ni kitu kingine kabisa. Anayesema "sanaa huria" humpeleka msikilizaji kwa wachongaji na wachoraji. "Elimu ya jumla" ni jina lisilo na madhara, lakini hutaja upana wa masomo tu na kuacha kiini chake.

Katika Kilatini, elimu hiyo ilitajwa kwa neno linalotokana na liber, yaani mtu asiye mtumwa. Masomo yake yalikuwa saba: sarufi, mantiki na balagha, kisha hesabu, jiometri, muziki na falaki. Yalikuwa masomo yaliyomstahili mtu huru, kinyume cha kazi za mikono zilizoachiwa wengine. Hapo Kiswahili hakina upungufu wowote. Muungwana wa pwani kwanza alikuwa mtu asiye mtumwa, na baadaye neno likapanuka hata likamaanisha mtu mwenye adabu na utu. Maana ya neno la Kilatini ilipita njia iyo hiyo. Kwa hiyo jina "elimu ya uungwana" ndilo linalotumika humu.

Hata hivyo jina hilo lina mwiba wake. Muungwana akiwa amekaa kusoma, ni nani anayempikia na kumfagilia? Swali hili limeviandama vyuo hivi tangu mwanzo.

Walimu na watumishi wengine

Katika chuo kikuu kikubwa, mhadhiri huweza kuwa na wasaidizi wa kusahihisha kazi na kuongoza semina, kwa kuwa wapo wanafunzi wa shahada za juu. Katika chuo cha elimu ya uungwana wanafunzi hao kwa kawaida hawapo. Mwalimu husahihisha insha mwenyewe, huwa mshauri wa wanafunzi kadhaa, hukaa katika kamati, na bado hutakiwa kuandika na kuchapisha. Baada ya kipindi cha majaribio, ambacho kwa mujibu wa tamko la chama cha maprofesa wa Marekani la mwaka 1940 hakipaswi kuzidi miaka saba, mwalimu huthibitishwa kazini au huondoka. Pembeni yake wako walimu wa muda, wanaolipwa kwa somo na wasio na uthibitisho huo.

Pamoja nao wako wakutubi, wasajili, watunza hazina, wapishi, wasafishaji na watunza bustani. Kwa kuwa wanafunzi wengi hulala chuoni, watu hawa huonana nao kila siku. Lakini majina yao ni nadra kupatikana katika historia zilizochapishwa za vyuo hivyo.

Mfano wa Berea

Chuo cha Berea katika jimbo la Kentucky kililijibu swali la kazi za mikono kwa namna ya pekee. Kilianzishwa mwaka 1855 na John G. Fee, mhubiri aliyepinga utumwa ilhali jimbo lenyewe lilikuwa la watumwa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, weusi na weupe, wanaume kwa wanawake, walisoma humo pamoja. Carter G. Woodson, mwanahistoria mashuhuri wa watu weusi, alihitimu huko mwaka 1903. Mwaka uliofuata bunge la Kentucky lilipitisha sheria ya kupiga marufuku masomo ya pamoja ya watu wa rangi mbalimbali. Chuo kilikata rufani mpaka Mahakama Kuu ya Marekani kikashindwa mwaka 1908. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 1950, na Berea ikawapokea tena wanafunzi weusi.

Tangu mwaka 1892 Berea haimtozi mwanafunzi karo. Badala yake kila mwanafunzi hufanya kazi ya chuo si chini ya saa kumi kwa juma na kupata ujira mdogo: jikoni, maktabani, ofisini, shambani, au katika karakana za kufuma nguo na kutengeneza mifagio. Hivyo anayesoma falsafa asubuhi huenda ndiye anayefagia jioni. Tofauti ya kale baina ya muungwana na mtumishi imevunjwa kwa kumfanya mtu mmoja kuwa yote mawili.

Lakini kazi ya wanafunzi haitoshi kugharimia chuo. Msingi wake ni mali iliyowekwa. Mwaka 1920 wadhamini wa Berea waliamua kwamba kila urithi utakaoachiwa chuo bila ya sharti maalumu uwekwe akiba, na mazao yake tu ndiyo yatumike. Mali hiyo leo imepita dola bilioni moja.

Wahisani na wakfu

Kwa mali ya namna hii Kiswahili kina neno tayari, nalo ni wakfu. Shina halitumiwi, mazao hutumiwa, na sharti la mtoaji huheshimiwa hata baada ya kufa kwake. Sheria ya Marekani na sheria ya Kiislamu zina mizizi tofauti, lakini mwanafunzi wa pwani hahitaji kufafanuliwa kwa kirefu. Uhuru wa vyuo hivi mbele ya serikali nao umejengwa juu ya hukumu ya mwaka 1819 katika kesi ya Chuo cha Dartmouth, ambapo Mahakama Kuu iliamua kwamba hati ya kuanzisha chuo ni mkataba, na serikali ya jimbo haina ruhusa ya kuuvunja.

Sharti la mtoaji huweza kuwa ngao, na huweza kuwa pingu. Chuo cha wanawake cha Sweet Briar, Virginia, kilianzishwa mwaka 1901 kwa wasia wa Indiana Fletcher Williams, aliyetoa shamba lake kwa kumkumbuka binti yake aliyefariki akiwa kijana. Shamba hilo hapo zamani lililimwa na watumwa, na wasia uliwataja wasichana weupe tu. Katika miaka ya 1960 chuo kililazimika kwenda mahakamani ili sharti hilo liondolewe.

Nusu karne baadaye wasia huo huo ukawa ngao. Tarehe 3 Machi 2015 bodi ilitangaza kwamba chuo kingefungwa mwaka huo kwa sababu za fedha, ingawa kilikuwa na wakfu wa zaidi ya dola milioni 80, sehemu kubwa yake ikiwa imefungwa na masharti ya watoaji. Wahitimu hawakukubali. Waliunda chama, wakachangishana, na mwanasheria wa wilaya akafungua shtaka kwa hoja kwamba wasia haukuwapa wadhamini ruhusa ya kufunga chuo. Walimu na wanafunzi nao walishtaki. Katika mapatano ya mwezi Juni, wahitimu waliahidi kutoa dola milioni 12, mwanasheria mkuu wa jimbo akaridhia dola milioni 16 za wakfu zifunguliwe masharti, na uongozi ukabadilishwa. Chuo kikabaki wazi.

Uhusiano na Kenya

Wakenya nao wamekula matunda ya mpango huu. Kati ya mwaka 1959 na 1961, kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, mamia ya vijana walisafirishwa kwa ndege kwenda kusoma Marekani, wengi wao katika vyuo vidogo. Wangari Maathai, aliyeondoka mwaka 1960, alisoma katika Chuo cha Mount St. Scholastica mjini Atchison, Kansas, akahitimu mwaka 1964. Chuo hicho cha wasichana kiliendeshwa na masista wa Kibenedikti. Katika vyuo vya Kikatoliki vya zama hizo, masista walifundisha bila ya mshahara wa kawaida. Kwa hiyo wao walikuwa walimu na wahisani kwa pamoja. Hesabu ya fedha zilizotolewa kwa ajili ya vijana wa Kenya haikamiliki pasipo kuhesabu kazi hiyo isiyolipwa.

Hitimisho

Mifano hii yaonyesha kwamba elimu ya uungwana hubebwa kwa njia tatu: kazi ya wanaolipwa, kazi ya wasiolipwa, na mali ya waliotangulia. Mojawapo ikilegea, masomo yasiyo na soko la haraka ndiyo hutangulia kuanguka. Kwa mujibu wa chama cha wanazuoni wa lugha na fasihi cha Marekani, kati ya mwaka 2013 na 2016 vyuo vya nchi hiyo vilipoteza programu 651 za lugha za kigeni. Idara za lugha za Kiafrika zina haja ya kulitazama jambo hili kwa makini. Wahitimu wa Sweet Briar walikiokoa chuo chao kwa sababu walikihesabu kuwa ni chao. Idara isiyowajua wahitimu wake, wala kuwahesabu wapiga chapa na wakutubi wake miongoni mwa wenye idara, haitakuwa na wa kuitetea siku itakapoambiwa kwamba fedha zimekwisha.