Nyumba ya Marekani, Mkopo na Siku Tatu za Kughairi

Ndugu aliyenunua nyumba Marekani anaweza kuitumia kupata fedha ya kujenga huku nyumbani, kusomesha wadogo zake au kulipia matibabu ya mzazi. Kwa kuwa jarida hili huwafikia pia Watanzania walioko huko, na kwa kuwa sisi tulioko huku ndio mara nyingi tunaoomba fedha hiyo, tumeona vema tueleze jambo moja ambalo wengi hulisaini bila kulisoma.

Mkopo wenyewe uko hivi. Nyumba ikiwa na thamani ya dola 300,000, na deni la ununuzi likiwa limebaki dola 180,000, zilizobaki dola 120,000 ni mali ya mwenye nyumba. Benki humruhusu kukopa sehemu ya hizo hadi kiwango walichokubaliana. Huchukua kidogo kidogo, hurudisha, na huweza kuchukua tena. Dhamana ni nyumba hiyo hiyo anayolala na watoto wake. Akishindwa kulipa, inauzwa.

Kwa sababu ya hatari hiyo, sheria ya Marekani ya mwaka 1968 kuhusu ukweli katika mikopo inampa mkopaji nafasi ya kughairi bila kutoa sababu. Anazo siku tatu za kazi, na mwisho wake ni saa sita usiku wa siku ya tatu. Hapa Jumamosi huhesabiwa. Zisizohesabiwa ni Jumapili na sikukuu za kitaifa. Aliyesaini na kupewa karatasi zote Alhamisi ana muda hadi Jumatatu usiku. Kughairi ni kwa maandishi, na barua ikishatumwa kwa posta ndani ya muda inatosha. Benki hairuhusiwi kutoa fedha kabla siku hizo hazijaisha. Kwa hiyo fundi wa huku anayesubiri saruji asimharakishe mtu.

Haki hii ni kwa nyumba anayoishi mtu, si ya kupangisha, na haihusu mkopo wa kununulia nyumba hiyo.

Swali gumu ni hili: haki hiyo ni ya nani, na umiliki ukibadilika inakwenda wapi? Sheria haimtazami mkopaji peke yake. Kila mwenye sehemu katika nyumba iliyowekwa dhamana, na anayeishi humo, anayo haki yake. Mume akikopa peke yake, lakini hati ina majina mawili, mke naye lazima apewe taarifa yake, nakala mbili. Akighairi yeye peke yake, mkopo umevunjika kwa wote wawili. Huku kwetu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalinda nyumba ya ndoa kwa njia nyingine, yaani kwa kutaka ridhaa ya mwenzi.

Benki isipotoa taarifa hizo, au ikificha mambo muhimu kama riba, siku tatu hazianzi kuhesabiwa na haki hudumu hadi miaka mitatu. Lakini hukoma mapema zaidi mwenye nyumba akiiuza au akiitoa yote, hata kwa zawadi au wosia. Nyumba ikipigwa mnada vilevile. Anayetaka kumwandikisha mwanawe nyumba nzima huku ana mgogoro na benki afahamu kwamba siku hiyo anaiacha haki yake mezani. Kuongeza jina la mke kwenye hati ni jambo jingine: mume bado ana sehemu yake, na haki yake haifi.

Je, mke huyo aliyeongezwa baadaye anaweza kuuvunja mkopo wa zamani? Hapana. Kuingia kwenye hati hakufungui siku tatu mpya. Ila benki ikipandisha kiwango cha mkopo, tuseme kutoka dola 40,000 hadi 70,000, yeye sasa ni mmiliki na anaweza kuikataa nyongeza ya 30,000. Zile 40,000 zinabaki palepale. Tunadhani hapa ndipo familia nyingi zingekosea.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba barua iliyoandikwa ndani ya miaka mitatu inatosha. Si lazima kufungua kesi ndani ya muda huo. Benki ikipokea barua ina siku 20 za kurudisha ada na riba iliyotoza na kuanza kuifungua nyumba. Kisha mkopaji naye hurudisha fedha aliyokwisha kuchukua. Kama fedha hiyo imeshakuwa matofali na mabati Moshi au Njombe, kughairi kunabaki kwenye karatasi tu, isipokuwa apate mkopo mwingine.

Wasomaji walioko huko waulizie taarifa ya haki ya kughairi kabla ya kusaini, kila mwenye jina kwenye hati apate yake, na tarehe iandikwe siku karatasi zilipopokelewa kweli. Wakili wa huko, wa jimbo analoishi mtu, ndiye wa kuulizwa yanayobaki, hasa baada ya talaka au kifo.