Ekseli na Magurudumu ya Mkokoteni wa Punda: Namna ya Kuchagua



Wakati wa kiangazi mkokoteni ndio unaoleta maji ya familia, ya ndama na ya mifugo wagonjwa walioachwa bomani. Ndio pia unaobeba vyombo mnapohamia ronjo. Wengi wetu tukifika kwa fundi tunaangalia bodi na rangi. Lakini kinachoamua kama punda atavuta kwa afya ni ekseli na magurudumu. Vikiwa vibaya, gharama inalipwa na ngozi ya punda, na punda akilala na vidonda, akina mama wanarudi kubeba madumu mgongoni.

Anza na uzito

Piga hesabu kabla ya kununua chochote. Madumu 10 ya lita 20 ni kilo 200 za maji. Mkokoteni wa chuma wenyewe unaweza kufika kilo 100. Mtoto akipanda juu, ongeza kilo 30. Jumla ni kilo 330. Gurudumu moja likitumbukia shimoni au likigonga jiwe, upande huo hubeba sehemu kubwa ya uzito wote. Kwa hiyo chagua ekseli inayoweza kubeba angalau mara mbili ya mzigo wako wa kawaida.

Ekseli

• Chuma kisicho na uwazi ndani, chenye unene wa milimita 40, kinatosha kwa mkokoteni wa punda. Bomba la maji hupinda, usilikubali.
• Epuka ekseli ya nyuma ya gari yenye difu. Ni nzito bila faida, na difu hugonga mawe.
• Chagua habu zenye beringi. Bushi za chuma kwa chuma huganda vumbi likiingia, na punda hulazimika kukokota badala ya kuvuta. Hakikisha habu ina kifuniko cha kuzuia vumbi.
• Springi si lazima. Kwa mwendo wa punda, upepo wa tairi unatosha kupunguza mishtuko.
• Umbali kati ya gurudumu na gurudumu usipungue mita 1.2, ili mkokoteni usipinduke kwenye mteremko wa upande.

Magurudumu

Gurudumu kubwa hupanda jiwe na kuvuka shimo kwa urahisi kuliko dogo. Tairi pana halizami sana kwenye mchanga. Jembamba hukata ardhi na kukwama. Rimu za gari za inchi 14 hadi 16 zinafaa. Gurudumu la baiskeli halifai kwa maji, kwani spoki hukatika.

Tairi lililotumika si baya, ila lisiwe na nyufa ubavuni, na mpira uwe bado mnene kwa ajili ya miba. Unaweza kukata tairi kuukuu na kuweka kipande ndani, kati ya tairi na tyubu. Nunua saizi ambayo tyubu zake zinapatikana mnadani kwenu. Magurudumu yote mawili yawe saizi moja.

Pima kabla ya kulipa

1. Inua upande mmoja na uzungushe gurudumu. Lizunguke bila kukwaruza. Litikise juu na chini; likicheza, beringi imelegea au imekwisha.
2. Chukua kamba. Pima kutoka katikati ya mbele ya mkokoteni hadi kila ncha ya ekseli. Vipimo vikitofautiana, ekseli imekaa kombo. Mwambie fundi arekebishe.
3. Pakia mzigo, kisha inua mbele kwa mikono. Iwe nyepesi, lakini isiruke juu yenyewe. Ikiwa nzito, ekseli isogezwe mbele kidogo. Ikiruka, isogezwe nyuma.

Kidonda kinaonyesha kasoro

Kagua punda kila akifunguliwa:

• Kidonda mgongoni: mzigo umelemea mbele.
• Kidonda chini ya tumbo, kwenye mkanda: mzigo umelemea nyuma na mkanda unavutwa juu.
• Kidonda bega moja tu: ekseli iko kombo, tairi moja lina upepo mdogo, au beringi ya upande mmoja inakwama.
• Kidonda kifuani: mzigo umezidi, magurudumu ni mazito, au mkanda ni mwembamba.

Kidonda shingoni mara nyingi hutokana na nira ya ng'ombe. Punda hana nundu ya kuizuia nira. Mfunge mkanda mpana wa kifuani wenye kitambaa laini.

Ukiona kidonda, mpumzishe punda. Osha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye kijiko 1 cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita. Usipake oili chafu. Kidonda kikitoa usaha au kisipoanza kukauka, mwite afisa mifugo wa kata. Usimrudishe kazini kabla kasoro ya mkokoteni haijarekebishwa, vinginevyo kidonda kitarudi palepale.

Matunzo

Baada ya safari gusa habu kwa mkono: ikiwa ya moto, inahitaji grisi au beringi mpya. Fungua, safisha na utie grisi mpya kabla kiangazi hakijaanza. Kaza nati na uangalie upepo kila asubuhi kabla ya kumfunga punda.