Matairi ya Theluji, Nitrojeni na Barabara za Gisenyi

Tairi la gari dogo hugusa barabara kwa eneo lisilozidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu. Viganja hivyo vinne ndivyo vinavyobeba kazi yote ya kuondoka, kukata kona na kufunga breki. Uwezo wake hutegemea mambo matatu: aina ya mpira, kina cha meno na presha ya upepo. Matairi ya majira ya baridi yalibuniwa kwa sababu ya jambo la kwanza, na nitrojeni huuzwa kwa sababu ya jambo la tatu.

Mpira wa tairi la kawaida huchanganywa uwe mgumu kiasi, usiishe upesi kwenye lami yenye joto. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, mpira huo huanza kukakamaa na kupoteza mshiko, hata pasipo theluji. Tairi la baridi huwa na mpira laini zaidi, wenye silika, usiokakamaa upesi. Meno yake yana mipasuo mingi myembamba inayofunguka tairi linapobanwa chini, ikang'ata theluji na kufyonza maji yaliyo juu ya barafu. Kampuni ya Nokian ya Ufini ilitoa tairi la aina hii mwaka 1934, kwanza kwa ajili ya malori.

Tairi lililopimwa na kufaulu kwenye theluji huwekwa ubavuni alama ya mlima wa vilele vitatu, wenye chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S peke yake si uthibitisho wa kutosha, kwa kuwa mtengenezaji anaweza kuiweka bila kipimo hicho. Ndiyo maana tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Ujerumani inakubali tairi lenye alama ya mlima tu barabara inapokuwa na theluji au barafu. Québec, nchini Kanada, ambako Wanyarwanda, Warundi na Wakongo wengi wamehamia, hulazimisha matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Uswidi huyataka kati ya tarehe 1 Desemba na 31 Machi barabara zinapokuwa katika hali ya baridi, na meno yake yawe na kina kisichopungua milimita 3.

Kuyafunga kuna taratibu zake. Hufungwa yote manne, hata kama injini inaendesha magurudumu mawili tu. Gari lenye matairi ya baridi mbele peke yake hushika vizuri mbele huku nyuma ikiteleza, na huweza kuzunguka kwenye kona. Tairi lenye mshale ubavuni lifungwe mshale ukielekea upande gurudumu linakozungukia gari likienda mbele. Fundi hukagua valvu na kubadilisha iliyochoka, husawazisha gurudumu kwa vipande vya risasi au zinki, kisha hukaza nati kwa kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine badala ya kuzifuata kwa mzunguko. Baada ya kilomita 50 hadi 100 nati hukaguliwa tena. Joto la majira ya kuchipua likirudi, matairi hayo huvuliwa na kuhifadhiwa mahali pakavu, penye giza, mbali na mafuta.

Eneo la Nengo, katika sekta ya Gisenyi wilayani Rubavu nchini Rwanda, halina haja na hayo yote. Liko kando ya Ziwa Kivu, karibu na mpaka wa Goma, kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, na hata usiku joto lake hubaki juu sana ya nyuzi 7. Barabara ya kwenda Musanze na Kigali hupanda miinuko ya Nyabihu iliyo juu ya mita 2,000, lakini hata huko lami haipati theluji. Weupe huonekana mara chache tu kwenye kilele cha Karisimbi, mita 4,507 juu, ambako hakuna gari linalofika.

Hata hivyo matairi ya baridi hufika Afrika Mashariki. Huja yakiwa yamefungwa kwenye magari yaliyotumika kutoka Japani na Ulaya, au katika shehena za matairi ya mtumba. Kwa macho huvutia, kwa kuwa mara nyingi meno yake bado ni marefu na bei yake ni nafuu. Lakini kwenye lami yenye joto mpira wake laini huisha upesi, meno hupindapinda gari linapokata kona, na breki huchukua umbali mrefu zaidi kulisimamisha. Mnunuzi atafute alama ya mlima ubavuni na aikague ile mipasuo myembamba. Asome pia tarakimu nne za mwisho zinazofuata herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata tairi likiwa limelala ghalani, hivyo urefu wa meno hausemi lolote kuhusu umri.

Hatari halisi za Rubavu ni nyingine. Kwanza ni mvua, hasa za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba. Meno ya tairi ndiyo mifereji ya kutolea maji. Yakiisha, tairi kipara huelea juu ya maji na usukani huwa hauna kazi. Pili ni miteremko mirefu ya kuingia mjini, inayochemsha breki, rimu na upepo ulio ndani ya tairi. Tatu ni mawe. Lava ya volkeno ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma tarehe 17 Januari 2002, na mlipuko mwingine ulitokea tarehe 22 Mei 2021. Mawe yake meusi, ambayo watu wa huko hujengea na kutengenezea barabara, yana makali yanayoweza kuchana ubavu wa tairi. Pancha ya katikati ya meno huzibika. Ubavu uliochanika hauzibiki kwa usalama, tairi hubadilishwa.

Nitrojeni nayo si kitu kigeni ndani ya tairi. Hewa ya kawaida ni nitrojeni asilimia 78, oksijeni asilimia 21, na kiasi kidogo cha gesi nyingine. Anayelipia nitrojeni hulipia kupunguza ile oksijeni pamoja na unyevu. Faida ya kwanza ni kwamba oksijeni hupenya mpira upesi zaidi kuliko nitrojeni, kwa hiyo presha hushuka polepole. Jarida la Consumer Reports la Marekani lilijaribu aina 31 za matairi kwa mwaka mzima, yote yakianza na psi 30. Yaliyojazwa hewa yalipoteza wastani wa psi 3.5, na yaliyojazwa nitrojeni psi 2.2. Faida ipo, ila ni psi 1.3 kwa mwaka.

Faida ya pili ni ukavu. Kompresa isiyomwagwa maji huingiza mvuke ndani ya tairi, na mvuke huo hufanya presha ipande isivyotabirika tairi likipata moto, tena hutia rimu kutu. Lakini dai kwamba presha ya nitrojeni haibadiliki kwa joto si kweli. Gesi zote mbili zikiwa kavu hutanuka karibu sawasawa: kwa tairi la psi 32, kila nyuzi 10 huongeza au hupunguza takriban psi 1.5.

Mahali nitrojeni inapohitajika kweli ni kwenye ndege. Tarehe 31 Machi 1986 ndege ya Mexicana ilianguka nchini Meksiko na kuua watu 167, baada ya tairi lililojazwa hewa ya kawaida kupata moto wa breki na kulipuka. Mwaka uliofuata mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza matairi ya ndege kubwa yajazwe nitrojeni, oksijeni isizidi asilimia 5. Breki za gari dogo haziko katika hali kama hiyo.

Hata kipimo kinachouzwa huweza kuwa pungufu. Tairi tupu lililokwisha kufungwa kwenye rimu tayari lina hewa. Likiongezewa mara moja gesi yenye nitrojeni asilimia 95 mpaka kufikia presha ya kawaida, mchanganyiko hubaki karibu asilimia 90 tu. Fundi makini hujaza, hutoa, kisha hujaza tena. Tairi la nitrojeni likipungua safarini, si kosa kuliongezea hewa ya kawaida. Kosa ni kuendelea na safari likiwa limelegea.

Kimo nacho huidanganya geji, kwa kuwa geji hupima tofauti kati ya presha ya ndani na ile ya hewa ya nje. Tairi lililojazwa psi 32 Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, litasoma karibu psi 34 Gisenyi joto likiwa lilelile, bila kuongezewa chochote. Likijazwa psi 32 Gisenyi na kushuka pwani, litasoma chini ya 30. Hapo hakuna tofauti kati ya nitrojeni na hewa.

Kwa dereva wa Nengo, basi, matairi ya theluji ni hasara hata yakiuzwa kwa bei ya chini, na nitrojeni ni nyongeza isiyodhuru pale inapopatikana kwa bei ndogo. Linalomlinda zaidi ni kupima upepo mara moja kwa mwezi na kabla ya safari ndefu, asubuhi matairi yakiwa bado baridi, akifuata kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Baada ya kupanda au kushuka milima apime tena, na tairi la akiba lisisahauliwe.