Yanonge: mtumbwi ukivuja, mvuvi anauzamisha

YANONGE (Tshopo) – Mgeni anayefika kwenye kivuko cha Yanonge asubuhi anaweza kufikiri kwamba usiku kulikuwa na ajali. Mitumbwi imelala pembeni ya mto, imejaa maji hadi kwenye ukingo, na mingine imewekewa mawe ndani ili isiinuke. Hakuna ajali. Ni wenyewe walioizamisha, kwa sababu inavuja.

Mtumbwi wa huku ni gogo moja lililochongwa. Ukiachwa siku kadhaa kwenye jua, mti unakauka, unajikaza, na nyufa zinafunguka, zaidi mbele na nyuma, pale gogo lilipokatwa. Ukirudishwa majini, mti unakunywa maji, unavimba, na ufa mdogo unajifunga wenyewe. Siku mbili tatu chini ya maji zinafanya kazi ambayo msumari hauwezi kuifanya. Ndiyo maana mvuvi mwenye uzoefu anakasirika akikuta watoto wamevuta mtumbwi wake nchi kavu na kuuacha juani.

Yanonge iko kwenye ukingo wa kushoto wa mto Kongo, karibu kilomita 60 chini ya Kisangani, katika wilaya ya Isangi. Huku mtumbwi ndio gari, ndio baisikeli, na kwa mvuvi ndio shamba pia. Tena mto wenyewe si mchezo: una upana wa zaidi ya kilomita moja, na upepo unaotangulia mvua unaweza kuinua mawimbi kwa dakika chache tu.

Tupige hesabu kidogo. Mtumbwi wa metre tano, wenye upana wa nusu metre ndani, ukiingiza maji ya sentimetre 10 tu, maji ambayo hayafikii hata katikati ya muundi, umebeba karibu lita 200. Hizo ni kilo 200, uzito wa watu wazima watatu ambao hakuna aliyewaalika. Na watu hao hawatulii: mtumbwi ukiinama kushoto, maji yote yanakimbilia kushoto na kuuinamisha zaidi. Kwa bidoni iliyokatwa, ya lita mbili, mvuvi atachota na kumwaga mara mia moja.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Kuvuja kidogo ni jambo la kila siku, na hakuna mvuvi anayeliogopa. Lakini kuvuta wavu kunataka mikono miwili, kupiga kafi kunataka mikono miwili, na kuchota maji kunataka angalau mmoja. Wakiwa wawili, mmoja anavua na mwingine anachota. Aliye peke yake, usiku, samaki wakiwa wamejaa wavuni na maji yanapanda miguuni, lazima achague. Wengi wanataka kumaliza wavu kwanza, kwa sababu samaki ni pesa ya shule. Binafsi siwezi kuwahukumu.

Ufa ukiwa mkubwa, kuuzamisha mtumbwi hakutoshi. Kwanza unatafutwa mahali penyewe: mtumbwi unapandishwa juu ya magogo mawili, unapanguswa nje mpaka ukauke, kisha unatiwa maji ndani. Panapotoka jasho panawekwa alama ya makaa. Kisha ufa unasafishwa na kushindiliwa kitambaa au pamba iliyolowa lami, ile tunayoita gudron. Juu yake unawekwa mpira wa gurudumu la zamani, halafu kipande cha bati, na misumari midogo inayopigwa mbali kidogo na ufa. Ukipiga msumari karibu mno, unaupasua mti upya. Anayeweka udongo wa mfinyanzi tu anajua mwenyewe kwamba amenunua safari moja, si mwaka.

Wenzetu wa pwani ya Afrika Mashariki, wanaovua kwenye maji ya chumvi, wana maneno maalumu kwa kazi hii. Kushindilia pamba katikati ya mbao wanaita kukalafati, na mafuta ya ini la papa wanayopaka juu ya mbao wanaita sifa.

Mbali zaidi, katika Marekani na Australia, kuna wavuvi wa baharini wanaotumia kayaki, mtumbwi mdogo wa plastiki unaoendeshwa kwa miguu. Kampuni ya Hobie ilitoa pedali zake mwaka 1997. Faida yake inaeleweka mara moja na mtu wa Yanonge: mikono yote miwili inabaki huru kwa kuvua. Lakini kayaki hiyo nayo inavuja, mara nyingi kwenye tundu la pedali, kwenye skrubu au kwenye kizibo. Ubaya wake ni kwamba imefungwa kama bidoni. Maji yanaingia ndani bila kuonekana, na mvuvi anashtuka pale chombo kinapokuwa kizito na kukataa kugeuka. Kutafuta tundu, wanafanya kama sisi: wanatia maji ndani na kuangalia yanapotokea. Au wanapuliza hewa na kupaka sabuni nje, kama fundi wa toleka pale Kisangani anavyotafuta pancha.

Mtu atauliza: kwa nini wasichonge mitumbwi mipya? Kwa sababu sapeli na kambala kubwa haziko tena karibu na mto. Gogo linalofaa linatafutwa mbali porini, mwenye pori analipwa, mchongaji analipwa, na vijana wa kulivuta hadi majini wanalipwa pia. Basi mtumbwi wa zamani unashonwa-shonwa kama suruali ya kazi.

Baada ya ajali ya mwezi wa nne 2019 kwenye Ziwa Kivu, Rais Félix Tshisekedi aliamuru abiria wote wavae jile za uokozi. Agizo hilo lilihusu abiria. Mvuvi si abiria wa mtu yeyote, na akipotea usiku hakuna orodha yenye jina lake. Wengine hufunga bidoni tupu, yenye kifuniko kizima, kwa kamba kwenye kiti. Ni ya bei ndogo, na mtumbwi ukipinduka, mtu anapata kitu cha kushikilia mpaka wenzake wamsikie.

Jioni mawe yanatolewa, maji yanachotwa, na mtumbwi unainuka polepole. Mwenyewe anapitisha kiganja juu ya ufa ili asikie kama umefunga. Kabla ya kuondoka anaangalia kama bidoni ya kuchotea iko ndani.