Mwalimu atende, wanafunzi watazame?

Katika shule zetu nyingi, somo la vitendo hutendwa na mtu mmoja tu, naye ni mwalimu. Hushika bureti mbele ya darasa, akaachilia tone baada ya tone, huku wanafunzi hamsini wakikodoa macho. Vifaa ni haba, tunaambiwa. Je, hao wanaotazama wanajifunza lolote?

Sayansi inajibu kwamba wanajifunza, ila kwa kiasi. Mnamo 1992, Giacomo Rizzolatti na wenzake wa Chuo Kikuu cha Parma, Italia, walitangaza jambo la ajabu. Baadhi ya seli za ubongo wa tumbili zilizochangamka aliposhika chakula zilichangamka pia alipomwona mtafiti akikishika, ilhali yeye mwenyewe ametulia tuli. Zikaja kuitwa seli-kioo. Mwaka wa 1995 ikadhihirika kuwa hata binadamu akitazama mkono ukishika kitu, njia itokayo ubongoni hadi kwenye misuli ya mkono wake huwa tayari zaidi kuitika. (Wako waliovuka mipaka wakadai kuwa seli hizo ndizo chanzo cha lugha na huruma. Madai hayo yamepingwa vikali, na kwa haki.)

Lakini lililo muhimu kwa mwalimu lilipatikana baadaye, jijini London. Mwaka wa 2005 watafiti waliwaonyesha wachezaji wa baleti na wa kapoeira, sanaa ya Brazili, picha za mitindo yote miwili. Ubongo wa kila mmoja ulichangamka zaidi alipoona ule aliouzoea kwa mwili wake. Pengine ni mazoea ya macho tu? La. Mwaka uliofuata walipimwa wanaume na wanawake wa baleti, ambao huonana wakicheza kila siku ingawa baadhi ya miondoko ni ya jinsia moja tu. Bado kila mmoja aliitikia zaidi miondoko aliyoitenda mwenyewe.

Kwa hiyo onyesho la mwalimu si bure, mradi lifanywe polepole, na wanafunzi wasimame upande wake ili waone mikono kama anavyoiona yeye. Lakini anayeambulia kutazama muhula mzima ananyimwa sehemu iliyo kubwa, kisha tunamtaka aingie chumba cha mtihani wa vitendo na mikono isiyowahi kugusa kifaa. Kama bureti ni tatu, na zizunguke, hata kengele ikilia kabla ya hesabu kukamilika.